Elkana Masese Anatoka Majini na Sikio Lake Moja

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Bw. Elkana Masese atavua miwani ya kuzamia kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita katika Ushirika wa Kuopoa Vyombo wa Karungu. Katika miaka hiyo ametoa chini ya ziwa injini za boti, mashua nzima, mabomba ya kuvuta maji, na mara moja pikipiki iliyokuwa bado na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Kila alipoingia majini, aliyeshika kamba juu alikuwa ni mimi, Werema, ambaye nyote mnaniita Mjomba. Nasema bila kujisifu kwamba kuanzia gati ya Homa Bay mpaka mpakani Isebania hakuna chuma kilichowahi kutoka majini bila mkono wangu kuhusika, na ziwa lenyewe likiniona nateremka ufukweni huwa linatulia kidogo kwa heshima. Kwa hiyo kamati ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, haikupata taabu.

Kamati ilisema niandike kwa furaha. Nitajaribu. Lakini nyinyi mtakaosoma mkiwa mmekaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, mkingoja wali, mjue kwamba mnayemuaga amechoka, na anayemwandikia amechoka pia. Kazi hii inachosha hata siku ambayo hakuna kilichozama, kwa sababu siku hiyo unakaa ukingoja kizame.

Tena Bw. Elkana hastaafu kwa ajili ya umri peke yake. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, nitaeleza mbele. La kulia sasa limeanza kulia lenyewe kama redio iliyopoteza stesheni. Mwezi wa Mei daktari wa masikio kule Homa Bay alimwambia wazi kwamba akizamia tena, hata mara moja tu, hilo nalo linaweza kwenda. Na sikio hilo ndilo analolitumia kuimba besi katika kwaya ya kanisa la Sabato pale Macalder. Mtu wa besi asiyewasikia wenzake ni kama ng'ombe aliyefungiwa nje ya boma: anaimba, lakini hakuna anayejua anaimba nini.

Bw. Elkana alizaliwa milimani Kisii, mahali ambapo maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa ndani ya beseni. Aliteremka huku akiwa kijana kutafuta dhahabu Macalder. Dhahabu hakuipata, ila shimo walilokuwa wakichimba lilijaa maji na pampu ya tajiri ikabaki chini. Wenzake walikaa juu wakibishana ni nani wa kulaumiwa. Yeye alivua shati, akajaza pumzi, akaingia na kamba, akatoka na pampu. Habari hiyo ilifika Karungu kabla nguo zake hazijakauka. Nilikwenda mimi mwenyewe kumchukua, na nilimtambua kwa mbali, kwa sababu mimi nikimwangalia mtu mgongoni najua kama ni wa maji au wa nchi kavu.

Siku hizo tuliopoa vitu kwa mitungi ya plastiki ya lita ishirini. Unaijaza maji ili ishuke, unaifunga kwenye injini, halafu unaitia hewa mmoja mmoja huku unaomba Mungu. Mingine ilipasuka, mingine ilichomoka na kuruka juu kama bata aliyeshtuliwa. Ndipo akaja mwalimu mmoja kutoka Mombasa, Suhail, aliyeletwa kufanya kazi chini ya gati. Suhail alikuwa na mitungi ya hewa ya kuzamia na puto. Alimfundisha Elkana msimu mzima, na alipoondoka akatuachia vifaa. Mimi pia alitaka kunifundisha, lakini aliona nilivyoshika kamba akasema ingekuwa hasara kubwa kuniondoa hapo.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu: puto ni mfuko wa turubai nene, mdomo wake uko wazi kwa chini kama kengele, na juu una valvu yenye uzi wa kutolea hewa. Unalifunga kwenye kitu kilichozama, unalitia hewa, nalo linakibeba mpaka juu. Ukiambiwa hivyo unaona ni mchezo wa watoto. Wengi wameona hivyo.

Bw. Elkana hakuona hivyo hata siku moja. Akiwa bado nchi kavu alivuta uzi kuhakikisha valvu inafunguka na kufunga. Halafu alilikunja puto kuanzia juu kuelekea mdomoni, akilikamua hewa kama unavyokamua nguo, akalifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na kulitundika nyuma ya kiuno, chini ya mtungi, bila kuacha kitanzi hata kimoja kikining'inia. Kisu kilikaa kifuani ambapo mkono wowote unakifikia. Hewa ya puto ilikuwa na mtungi wake mdogo wa pembeni, kwa maana hakupenda kugawana pumzi yake na injini ya mtu. Niliwahi kumwambia anapoteza muda. Akanijibu, "Mjomba, puto likifunguka lenyewe njiani, mzigo utakuwa ni mimi."

Chini kwenyewe huoni kitu. Ziwa letu si lile la kalenda. Ukinyoosha mkono, vidole vinapotea ndani ya maji kama umevitia kwenye uji wa wimbi. Kazi yote ni ya kupapasa. Anatafuta mahali imara pa chuma, anafunga. Anatia hewa kidogo mpaka kamba ya puto inyooke. Hapo anaacha. Anapapasa mwili wake wote, mguu kwa mguu, kuona kwamba hakuna kilichomshika. Anasogea kando, mbali na mzigo, asikae juu yake wala chini yake. Ndipo anaongeza hewa, kidogo tena, kama mtu anayeonja chumvi.

Kinachoua ni tope. Tope la ziwa linanyonya chuma na halitaki kuachia. Mwenye haraka anaongeza hewa, anaongeza tena, na tope likichoka ghafla, puto lenye hewa ya kuzidi linaruka. Na hewa ikipanda inanenepa, ikinenepa inakimbia, ikikimbia inazidi kupanda. Hakuna mtu wa kuishika. Bw. Elkana alikuwa akisema tope halishindwi kwa nguvu, linangojewa. Nimemwona akingoja mpaka mimi juu nimelala, nimeota, nimeamka, na ndoto yenyewe ilikuwa ndefu, yenye harusi ndani.

Sasa nieleze habari ya sikio. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea Orina awe mzamiaji wa pili. Orina alikuwa mvuvi wa mbuta, mtu wa nyavu tangu utoto. Na mtu wa nyavu huku kwetu ana desturi yake: kamba anaizungusha kwenye kifundo cha mkono mara mbili, ili hata akisinzia ndani ya mtumbwi, samaki wakivuta aamke. Desturi nzuri sana kwa samaki. Tulikuwa upande wa Muhuru, tukitoa injini, siku ya upepo ule uliobeba kuku wa Muhuru wakatua Tanzania bila kuulizwa kitambulisho. Wawili hao walikuwa chini. Orina alishika kamba ya puto akingoja tope, na mkono wake, bila kumuuliza, ukaizungusha kama ulivyozoea.

Tope likaachia. Puto likaondoka na injini, na Orina akaondoka nalo.

Bw. Elkana alimdaka mguu. Wakapanda wote wawili kama ndoo inayovutwa kisimani. Alimpanda Orina mwilini, goti, kiuno, bega, mpaka akaifikia ile kamba na kuikata kwa kisu. Huku juu, kamba yangu iliyolegea ilipita viganjani nikiikusanya kwa kasi hadi ikatoa moshi, na watu wa kisiwa cha Mfangano walidhani tunakausha samaki. Orina alitoka na mkono ulioteguka. Bw. Elkana alitoka na damu sikioni.

Hakumtukana. Alikaa ndani ya boti ameinamisha kichwa, kama mtu anayetoa maji sikioni, akasema, "Orina, mkono wako ni wa kushika kamba. Usiache kamba ikushike wewe." Basi. Tangu siku hiyo Orina akazamia naye kama msaidizi tu, akibeba kisu na taa, na puto hakuligusa. Wavuvi wa Sori hawakumsamehe upesi kama Elkana. Kila akipita ufukweni utasikia, "Orina, leo unapanda saa ngapi?"

Ndiyo maana daktari alipotoa hukumu yake mwezi wa Mei, ushirika mzima uliingiwa na baridi. Kila mtu alisema Elkana apumzike. Na kila mtu alikuwa na boti ya binamu yake ambayo ilifaa itolewe kwanza.

Mwezi wa Julai ikazama boti ya Mwanarusi. Mwanarusi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Sori, mama mwenye sauti ya upole na miguu isiyochoka. Boti ilikuwa inakwenda Mfangano na mashine ya kusaga unga, mpya, bado na grisi ya dukani. Ilielemewa ndani ya ghuba, na mabaharia waliogelea, lakini mashine haijui kuogelea. Asubuhi Mwanarusi alikuwa nyumbani kwa Bw. Elkana. Nilikuwepo, maana hakuna jambo kubwa linalofanyika Karungu kabla sijakaa.

"Mzee wangu," akasema, "mara hii tu."

Aliyejibu ni Metrine, mke wa Bw. Elkana. "Mara hii tu, mara hii tu. Dada, wimbo huo ninao nyumbani kwangu miaka mitatu sasa."

"Sikuja kuchukua sikio la mtu. Nawaza kina mama wa kule kisiwani. Wanavuka maji na debe la mahindi kutafuta mashine, na juzi mtumbwi wao nusura ubinuke."

"Nawahurumia. Lakini sikio ni hili moja, na mimi ndiye ninayelala kando yake."

Tukamtazama mwenyewe. Mwanarusi alikuwa ameketi upande wake wa kushoto, kwa hiyo nusu ya maombi hayakufika. Bw. Elkana alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Orina atazamia," akasema.

"Na puto?" nikauliza.

"Na puto."

Habari ilipofika ufukweni, watu waliacha kupima omena, dagaa wetu. "Yawa! Orina yule wa kuruka?" "Mfungeni mikono kabisa!" "Orina, ukifika mawinguni utusalimie!" Orina alikuwa ameketi juu ya jiwe analikunja puto kuanzia juu kuelekea mdomoni, na mpira wa tyubu ukamponyoka mara mbili. Bw. Elkana alisimama kando yake bila kumsaidia. Mimi nilitaka kusaidia, akanivuta shati.

Metrine naye alikuja. Alichukua mapezi ya mumewe, ile miguu ya bata, akayaweka chini mchangani na kuyakalia. "Nendeni," akasema. "Mimi niko hapa na viatu vyake."

Tuliondoka watatu katika boti: Orina, Bw. Elkana na mimi kwenye kamba. Tulipofika juu ya mahali, Orina aliuma kile cha kupumulia, akanyoosha kidole gumba, akaingia. Kamba ikateremka vizuri. Ikasimama. Nikavuta mara moja kuuliza hali, naye akavuta mara moja: salama. Bw. Elkana alikaa na mikono magotini, akiyatazama mapovu.

Halafu kamba ikanyamaza. Nikavuta, hakuna jibu. Nikavuta tena. Mapovu yalikuwa yanatoka, lakini mahali pale pale, na mtu anayefanya kazi mapovu yake hutembea.

"Elkana," nikasema, "huyu amefungwa."

Alisimama. Chini ya ubao tulikuwa na mtungi wa akiba na miwani yake ya zamani, vitu ambavyo Metrine hakuviona kuvikalia. Mkono wake ulikwenda kwenye mtungi ule na ukabaki juu yake. Niliangalia ufukweni: Metrine alikuwa amesimama, mapezi mkononi, kama anayetaka kuyarusha mpaka kwetu. Sijui alitaka mumewe ayavae au ampige nayo.

Bw. Elkana hakuuinua ule mtungi. Alipiga magoti, akalala ndani ya boti, kwenye maji machafu ya petroli na magamba ya samaki, akaweka lile sikio lake la kulia juu ya ubao wa chini.

"Nyamaza, Mjomba."

"Nimenyamaza."

"Unapumua kama ng'ombe."

Nikaacha kupumua, kwa muda ambao mtu wa kawaida angezikwa.

"Anagonga mtungi kwa kisu," akasema polepole. "Moja. Kimya. Moja. Ni salama ile ile. Ameiacha kamba yako aweze kutumia mikono. Mashine iko topeni. Anangoja." Halafu uso wake, ule upande niliouona, ukaanza kulegea. "Sasa anatia hewa. Kidogo. Ameacha. Vizuri, kijana wangu. Ameacha kabisa. Ngoja hivyo hivyo."

Tulingoja. Jua lilipanda, mgongo ukaniuma, nzi wakatupata hata katikati ya ziwa. Bw. Elkana hakunyanyua kichwa.

Puto likatokea. Lilipanda taratibu, jekundu, likachuruzika maji, likakaa juu ya ziwa hatua chache kutoka kwetu, na hakuna mtu aliyekuwa amelishika. Baadaye kidogo, mbali nalo, kichwa cha Orina kikatoka. Alitema kile cha kupumulia, akainua mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, akaigeuza kwa mbele na kwa nyuma ili Bw. Elkana aone vifundo vyote viwili havina kitu.

Ufukweni wakapiga kelele, wale wale wa mawinguni. Mwanarusi alisema Alhamdulillahi kwa sauti ambayo sikujua anayo. Metrine akakaa tena juu ya mapezi. Bw. Elkana aliinuka, shavu moja limepakaa petroli, akaniambia, "Nimesikia kila kitu, Mjomba. Kila kitu." Kwangu mimi hiyo ndiyo siku aliyostaafu. Ijumaa ni ya hema na soda. Mashine nayo ilifika Mfangano, na unga wa kwanza ulinukia ziwa, na kina mama wakaula bila kulalamika.

Kwa niaba ya ushirika, nakushukuru Bw. Elkana kwa kila chuma ulichokirudisha kwa mwenyewe, na kwa mtu mmoja uliyemrudisha juu na kisha ukamrudisha chini, ambayo ndiyo kazi ngumu zaidi. Metrine, asante kwa kutuazima mume miaka yote hii, na pole kwa jinsi tulivyomrudisha. Tunakuombea, ndugu yetu, siku nyingi za nchi kavu, besi isiyopoteza njia, chai inayonywewa mpaka mwisho, na asubuhi zisizo na mtu anayebisha hodi akisema mara hii tu.

Sisi wengine tunabaki. Ziwa halina siku ya kustaafu, na watu hawataacha kupakia boti mpaka zinywe maji. Magoti yangu yanalia nikipanda ngazi ya gati, na viganja vyangu havishiki kikombe cha moto. Bado tunaendelea. Katika mkutano tulikubaliana sote kwamba kitu kikizama, anayepigiwa simu ni Orina, si Elkana, na wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja hiyo nilikuwa mimi, tena niliunyoosha juu kuliko wote.

Kwa kuwa karatasi hii itasomwa mbele ya Metrine, na yeye ana tabia ya kusahihisha watu hadharani, afadhali niseme mwenyewe. Jumanne iliyopita injini ilianguka majini karibu na Muhuru. Orina alikuwa tayari ndani ya boti, puto liko kiunoni, ananingoja mimi tu. Nikamwambia nakwenda haja, nikazunguka nyuma ya banda la samaki na kupiga simu ya Elkana. Akashika Metrine. Nikabana pua kwa vidole nikauliza kama hapo ni kwa fundi wa baiskeli. Akanijibu, "Shemeji Werema, rudi ukashike kamba."